Miezi sita na huduma ya kulinda sauti na sura

Shangazi yangu ana kisukari. Siku moja alinipigia simu akiwa na furaha tele: "Mwanangu, ile dawa unayoitangaza naipataje?" Sikuwa nimetangaza dawa yoyote. Kazi yangu ni kusoma kwa sauti: matangazo, mafunzo ya makampuni, vitabu vya kusikiliza. Huu ni mwaka wangu wa kumi na moja. Akanitumia video. Uso ni wangu, umechukuliwa kwenye mahojiano ya zamani, midomo imechezeshwa ifuate maneno, na sauti ni yangu, inawaambia wagonjwa waache sindano wanywe unga fulani.

Nilivaa hedifoni nikaisikiliza mara nyingi. Kuna mahali inasema dawa "inafanya kazi barabara", na mkazo umeangukia silabi ya tatu, kama mtu anayetaja njia ya magari. Aliyekulia kwenye Kiswahili hakosei hapo; angekaza ya pili. Halafu hakuna pumzi. Mimi huvuta pumzi kabla ya sentensi ndefu, na fundi wangu wa studio amechoka kuzikata. Ile sauti ilisema dakika nzima na ushee bila kupumua hata mara moja. Lakini shangazi angeyajuaje hayo? Alisikia mtoto wa kaka yake akimwambia aache sindano.

Ndiyo sababu nilijiunga na moja ya hizi huduma zinazojitangaza kuwa zinalinda sura na sauti ya mtu dhidi ya nakala bandia za akili mnemba. Jina nimeliacha kwa makusudi, maana bado tunavutana juu ya masharti yao, nitakuja huko.

Kujisajili ni rahisi. Unapiga picha kitambulisho, unajirekodi ukigeuza kichwa kushoto na kulia, kisha unasoma sentensi kadhaa. Wao wanatengeneza alama ya sauti na ya uso, na programu yao inazunguka mitandaoni ikitafuta kinachofanana. Kila wiki unapata ripoti yenye viungo, unabonyeza "ni mimi, nimeruhusu" au "ondoeni". Upande huu nawasifu bila kusita. Kwa miezi sita waliniletea vitu 23, na kama ningetafuta mwenyewe nisingepata hata vitano. Vingine vilikuwa kwenye kurasa za lugha nisiyoijua, uso wangu pale, sauti ikizungumza lugha hiyo vizuri kuliko nitakavyowahi kuizungumza.

Kazi ya kuondoa ndiyo ina hadithi yake. Vitu 14 vilikuwa rekodi zangu halisi zilizoibwa na kupachikwa kwingine. Hivyo viliondoka haraka, vingi ndani ya wiki. Vilivyobaki, tisa, vilikuwa bandia tupu: sauti iliyotengenezwa, maneno ambayo sijawahi kuyatamka. Kati ya hivyo vimeondolewa vinne.

Nilipiga simu kuuliza kwa nini. Kijana wa huduma kwa wateja alikuwa na adabu, akanieleza taratibu: "Dada, hizo za kwanza tulitumia hakimiliki. Hizi nyingine hakuna kilichonakiliwa." Hasira zilinipanda, lakini nilipomuuliza mwanasheria wangu akasema kijana yuko sahihi. Hakimiliki inalinda rekodi, yaani kile kilichokwisha kunaswa. Sauti yenyewe, ile niliyozaliwa nayo, haimo. Mtu akiiba faili langu nina sheria ya kumshika nayo. Akiiba koo langu inabidi nitafute sheria nyingine, na hiyo inategemea yuko wapi. Kwenye ukurasa wao wa kwanza huduma hii imeandika "ulinzi kamili wa kisheria". Maneno hayo wayafute. Wanachouza ni macho mengi na barua. Barua bila sheria nyuma yake ni ombi.

Mwanasheria alinipa mifano, na tangu hapo nimekuwa nikiifuatilia mwenyewe. Mwaka 1988 mahakama ya rufaa nchini Marekani ilimpa haki mwimbaji Bette Midler, baada ya tangazo la magari ya Ford kumtumia mwimbaji mwingine aliyeelekezwa kuimba kama yeye, ilhali Midler mwenyewe alikuwa amekataa kazi hiyo. Wimbo waliuombea ruhusa. Kilichowaponza ni kuiga sauti. Kwa hiyo wazo hili si geni. Mwaka 2024 jimbo la Tennessee lilipitisha sheria iitwayo ELVIS Act, inayotaja sauti waziwazi na inayomgusa hata anayesambaza zana ambayo kazi yake kuu ni kutengeneza nakala za watu bila idhini. Kwa Marekani nzima kuna muswada wa NO FAKES, wa kulinda sauti na sura dhidi ya nakala kama hizi, uliowasilishwa bungeni 2024 na tena 2025. Serikali ya Denmark nayo ilitangaza mwaka 2025 mpango wa kurekebisha sheria yake ya hakimiliki ili mtu awe na haki juu ya uso na sauti yake. Ile Take It Down Act ya Marekani ya 2025 inaitaka mitandao iondoe maudhui ndani ya saa 48 baada ya kupokea malalamiko, ila inahusu picha za faragha za kingono tu. Tangazo langu la dawa haliingii humo, ingawa linaweza kumuua mtu.

Vile vinne vilivyoondoka, viliondolewaje? Viwili nilivishughulikia mwenyewe. YouTube tangu 2024 inapokea maombi ya faragha kutoka kwa mtu aliyeigwa sura au sauti kwa akili mnemba. Fomu ni bure, niliijaza bila msaada wa mtu. Huduma ninayoilipia haikuwahi kunitajia fomu hiyo, na hili limeniuma.

Sasa masharti. Niliyasoma mwezi wa pili, ningepaswa kuyasoma siku ya kwanza. Kuna kifungu kinasema sampuli zangu za sauti zaweza kutumika "kuboresha huduma zetu na za washirika wetu". Nimekwenda kwao nikikimbia walioniibia sauti, wakaniwekea karatasi ya kuwaachia sauti. Niliandika barua kutaka kifungu hicho kiondolewe kwangu, na sampuli zifutwe siku nitakayojitoa. La kufuta wamekubali kwa maandishi. La washirika bado wanasema wanalitazama. Wenzangu mnaosoma kwa sauti, mikataba ya kazi nayo ina maneno haya haya: "kwa njia zote zilizopo na zitakazobuniwa". Siku hizi nayakata kwa kalamu na kuandika kando kwamba sauti yangu isitumike kufundishia mashine wala kutengenezea nakala. Wateja wawili walikataa tukaachana. Wengine wote walisaini.

Nawapa nyota tatu kati ya tano, zote tatu kwa ajili ya utafutaji. Kama uso au sauti yako ndiyo riziki yako, inafaa kulipia, mradi usome masharti kabla ya kuwasomea zile sentensi, na uwe na mwanasheria wako pembeni. Kama huna hadhira kubwa, anza na fomu za mitandao yenyewe.

Tangazo la dawa liliondolewa siku ya kumi na tisa. Nilikwenda kwa shangazi na simu yangu, nikambonyezea kile kiungo mbele yake, akaona ukurasa hauna kitu. Akakaa kimya kidogo, kisha akaniomba nimsomee kwa sauti yangu maelekezo ya sindano yake, yote, tangu mwanzo.