Nyongeza za nyumba mpya: tulilipia vinavyong'aa, tukasahau soketi

Naanza na nyota ili asiye na muda asome apite zake: nyumba yenyewe naipa 4 kati ya 5, ila ile huduma yao ya kuchagua nyongeza naipa 2, na kati ya hizo mbili moja nimempa fundi umeme wao wala sio kampuni. Jina siandiki, bado tuna mambo nao hayajaisha.

Iko hivi. Ukinunua nyumba ambayo haijaisha kujengwa unasaini bei ya nyumba "ya kawaida", halafu baada ya muda unaitwa ofisini kuchagua vya ziada, yaani vigae vizuri zaidi, kabati, taa, koki, milango, na kila kimoja kina bei yake juu ya ile bei uliyosaini. Sisi kabla ya kukaa mezani tulitembezwa kwanza kwenye nyumba ya mfano na dada mmoja wa ofisini kwao. Nyumba imependeza mpaka unaona aibu kuingia na viatu. Sasa mke wangu ana tabia ya kuuliza mpaka mtu anatoka jasho, akaanza sebuleni palepale, dada hii dari ya jipsamu yenye taa za kujificha ipo kwenye bei? Hapana shem, hiyo nyongeza. Hizi skatingi pana za chini ya ukuta? Nyongeza. Huu mlango? Nyongeza, wa kawaida ni ule ukiugonga unasikia ndani kupo wazi. Tumefika jikoni nikamtania, na ukuta je? Akacheka, akasema ukuta upo kaka, ila hiyo rangi ni nyongeza. Kwa hiyo ukienda kutembezwa usiangalie uzuri, kwanza uliza kimoja kimoja, au waombe wakuonyeshe nyumba iliyoisha ya mteja mwingine ambaye hakuongeza kitu. Sisi hatukuomba, tulijua baadaye sana kwamba inawezekana.

Tulikaa na yule dada kama masaa mawili. Mchangamfu, ana sampuli kibao mezani, na katalogi nene. Ukurasa wa kwanza wa katalogi ni meza za jikoni za mawe. Wa pili vigae. Kisha mabafu, milango, vishikio vya kabati (vishikio vina kurasa nne jamani, vishikio!). Mambo ya umeme na mabomba yako mwisho kabisa, hayana hata picha, ni jedwali tu la maandishi madogo. Mpaka tunafika huko hela tuliyojipangia ilishaisha, na vichwa vimechoka, nikasema hizo soketi tutaongeza wenyewe tukihamia, kazi ya siku moja hiyo. Aisee.

Nieleze kidogo hapa maana ndo sababu ya mimi kuandika. Mafundi umeme wana neno moja, pointi. Pointi ni ile sehemu ambayo paipu imepita ndani ya ukuta au juu ya slabu, waya umeshavutwa, kiboksi kimekaa. Taa yenyewe au soketi yenyewe unabadilisha kwa bisibisi, unazima breka, dakika ishirini umemaliza. Lakini pointi kama haipo, fundi anakuja na grainda, anakata ukuta uliokwisha pigwa plasta na kupakwa rangi, vumbi linaingia mpaka kwenye nguo za kabatini, anapitisha paipu, anaziba, halafu unahangaika kutafuta rangi ifanane na ya mwanzo, na haifanani. Sisi tumekata kuta za vyumba vitatu. Ukisimama koridoni saa kumi jioni jua likipiga unaona mistari yote ilipopita, kama kovu. Na kampuni wametuambia zile kuta tulizokata wenyewe hazimo tena kwenye dhamana yao, na hapo sina cha kubisha kwa sababu kweli kwenye mkataba imeandikwa.

Chumba cha kulala cha kawaida walichotupa kina soketi mbili, zote ukuta mmoja. Kitanda kina pande mbili, simu mbili, taa mbili, feni, pasi. Ekstensheni imepita chini ya kitanda tangu siku ya kwanza. Sasa ningerudi mezani ningefanya hivi: nachukua ramani ya nyumba, nachora kwanza kitanda kinakaa wapi, tivii wapi, friji wapi, meza ya mtoto ya kusomea wapi, ndo naweka pointi kufuata vitu, sio kinyume chake. Na vile vizito vinavyokula umeme mwingi viwe na laini yake peke yake kutoka kwenye breka. Shawa ya umeme ya kilowati 7.5 kwenye volti 230 inavuta kama ampea 33, huwezi kuipachika kwenye waya wa soketi wa milimita za mraba 2.5, lazima waya mnene zaidi, na waya mnene hauupitishi kirahisi kwenye paipu iliyokwisha jaa. Jiko la umeme vivyo hivyo. Hata kama shawa hiyo huna leo, lipia paipu tupu yenye kamba ndani ya kuvutia waya baadaye. Paipu tupu ndo nyongeza ya bei ndogo kuliko zote kwenye lile jedwali, na hakuna aliyetutajia. Hiyo nimeambiwa na fundi umeme wao saiti, nikiwa nimeenda kuchungulia tu, akaniuliza kaka mbona hujaweka hata pointi moja ya intaneti juu? Kuta hizi ni za zege, ile waifai ya kasi, ya masafa ya gigahezi 5, haipiti vizuri zegeni. Akaniwekea paipu moja kutoka sebuleni kwenda juu kabla hawajapiga plasta, nikaenda kulipia ofisini kesho yake, leo ndo hiyo imebeba waya wa intaneti wa Cat6 na ndo inayofanya niweze kufanya kazi chumba cha juu. Nyota yake ile.

Turudi kwa vinavyong'aa. Meza ya jikoni tulichukua kwotsi, nyeupe, ina mishipa ya kijivu, nzuri usipime. Tuliambiwa hiyo haiharibiki kwa kitu chochote. Sio kweli. Kwotsi ya kiwandani ni unga na vipande vya jiwe vilivyoshikanishwa na gundi ya plastiki, jiwe halina shida na moto ila gundi inayo, ukitua sufuria limetoka motoni moja kwa moja linaacha alama. Yetu ina duara la njano karibu na jiko, tulikuwa tumekaa miezi mitatu tu. Granaiti yenyewe ni jiwe la asili, inavumilia moto vizuri zaidi ila inanyonya mafuta usipoipaka dawa ya kuziba vitundu mara kwa mara. Kila moja na tabia yake, mimi sisemi mbaya, nasema wangetuambia tu. Na kwa kweli meza ya jikoni ni kitu ambacho hata ukihamia na ile ya kawaida, baada ya miaka mitano ukiwa na hela unaing'oa unaweka nyingine bila kugusa ukuta wa mtu.

Bawaba zile za milango ya kabati inayojifunga taratibu tulilipia pia. Huwa nacheka. Nimekuja kuzikuta dukani, unafungua skrubu za zamani unaweka mpya, mtoto wa sekondari anaweza. Pesa ile ingetosha pointi kadhaa.

Vigae hapo niseme kuna upande wa kupongeza na wa kulalamika. Kulipia posileni badala ya seramiki ya kawaida kwenye sakafu sijutii, posileni hainywi maji (chini ya nusu asilimia ya uzito wake), ni ngumu, na sakafu sio kitu cha kubadilisha ukiwa unaishi ndani. Kwa hiyo sakafu ni nyongeza halali kabisa. Kosa letu ni kuchagua vile virefu vya sentimita 60 kwa 120 kwa sababu kwenye nyumba ya mfano vilipendeza. Kigae kirefu kinahitaji sakafu ya chini iwe imenyooka kisawasawa, na chenyewe mara nyingi kina kambinuko kadogo katikati ambako hukaoni kwa macho, sasa ukikipanga kama tofali, kiungo cha kimoja kikaangukia katikati ya mwenzake, kile kimbinuko kinakutana na ncha na unapata kamwinuko unakojikwaa kwa kidole. Inatakiwa kupishana kusizidi theluthi ya urefu. Fundi wao alipanga nusu kwa nusu nyumba nzima. Nilipolalamika wakasema ndo mtindo wa kampuni. Basi ukichagua virefu, uliza kabla vitapangwaje na iandikwe. Na omba wakuachie maboksi mawili matatu ya akiba yenye namba ya bachi ileile (yaani vilivyotoka kiwandani mkupuo mmoja), rangi hutofautiana kati ya bachi na bachi hata jina likiwa moja. Sisi tumeachiwa vigae vinne, shukrani.

Mabomba tulipatia, na sifa zote ni za mke wangu. Yeye aligoma kuondoka mpaka waandike pointi ya mashine ya kufulia, yaani koki ya maji, bomba la kutolea maji machafu ukutani, na soketi yake, na pia bomba la maji ya moto kutoka juu ya paa mpaka bafuni hata kama hatujaweka sola bado. Mimi nilikuwa naona anatumalizia hela ya taa za dari. Mwaka huu tumeweka sola ya maji, fundi ameunganisha bila kuvunja kigae hata kimoja. Mpaka leo bado ananikumbusha.

Kwenye pesa kuna mambo mawili karibu yatupite. La kwanza, ukipandisha kitu daraja unatakiwa ulipe tofauti tu, kwa sababu kile cha kawaida ulishakilipia kwenye bei ya nyumba. Ankara yetu ya kwanza ilikuwa na bei nzima ya kwotsi, na ile meza ya kawaida haikutolewa popote. Nikauliza, ile nyingine mnaipeleka wapi? Kimya kidogo, halafu ankara mpya ikaja baada ya siku mbili, imepungua. Sidai walifanya makusudi lakini kwenye vigae pia ilikuwa hivyohivyo.

La pili ni ule mkopo. Dada alisema msiwaze, nyongeza zote tunaziingiza kwenye mkopo wa nyumba, hamtahisi. Kweli kwa mwezi huhisi. Ila piga hesabu, kwa riba ya 10% kwa mwaka na miaka 20, kila 100 unayokopa utakuja kuwa umelipa kama 231. Kwa hiyo vile vishikio vya kabati unavilipa mara mbili na zaidi, na kuna siku utavibadilisha kabla mkopo haujaisha. Mimi ningeweka kwenye mkopo vile tu vya ndani ya ukuta na sakafu, hivi vingine ningesubiri nipate hela mkononi.

Mkataba wa nyongeza kuna kimstari kinasema "au kinacholingana nacho". Koki za bafuni tulizochagua kwa kushika mkono kabisa, zile nzito za shaba, zilikuja nyepesi zimepakwa rangi ya kung'aa juu, wakasema zile ziliisha, hizi zinalingana. Zinalingana na nini sijui. Jamani andikisheni namba ya modeli, na mwandikishe kwamba kikikosekana mnapigiwa simu kwanza. Na malipo ya nyongeza kwetu hayarudishwi ukibadilisha mawazo, na muda wa kuchagua walitupa siku 10 tu, kwa hiyo hakuna kwenda kulala ukafikiria vizuri, labda uombe ile katalogi uende nayo nyumbani kabla ya kikao. Ombeni. Watasema hairuhusiwi, ombeni tena, mimi rafiki yangu wa kitalu cha nyuma alipewa.

Huyo rafiki ramani yake ni ileile ya kwetu, alichukua kila kitu cha kawaida isipokuwa pointi 22 za ziada na posileni sakafuni. Ukiingia kwake jikoni kawaida tu, milango ya kabati inapiga kelele. Ila hana ekstensheni hata moja, na mistari ukutani hana.

Kama bado hawajapiga plasta nyumbani kwako nenda na simu upige picha kila ukuta, uweke na futi ya kupimia ionekane kwenye picha. Sisi tulikatazwa kuingia saiti mpaka msimamizi mmoja akatuonea huruma, dakika kumi na tano, tukapiga vyumba viwili. Chumba cha tatu ambacho hatukupiga ndiko nilikotoboa bomba nikitundika pazia.

Ukaguzi wao wa mwaka mmoja ni mwezi ujao. Nina orodha ya vitu tisa, cha kwanza ni vigae vitatu vya koridoni ambavyo ukivigonga vinalia utupu chini yake, cha pili koki. Wakivishughulikia nitarudi kuongeza nyota.