Philippe kule Kongo, Charles huku Kenya
Kati ya ziara hizi mbili za wafalme, ya Kongo ilinigusa zaidi. Mwishoni mwa Oktoba 2023 Charles na Camilla wa Uingereza walitua Nairobi, wakamalizia Mombasa, hadi Fort Jesus. Juni 2022, Philippe na Mathilde wa Ubelgiji walipita Kinshasa, Lubumbashi na Bukavu. Wafalme wote wawili walisema wanajutia maovu ya ukoloni. Hakuna aliyeomba radhi rasmi, na hilo linauma. Lakini Philippe hakwenda mikono mitupu: alikabidhi kinyago cha Kakuungu, cha Wasuku, kabila la huko Kongo, kwa Makumbusho ya Taifa ya nchi hiyo. Kwa mkopo usio na kikomo, ingawa mali ya watu ingepaswa kurudishwa moja kwa moja. Bukavu akafika hospitali ya Panzi, ambako Dkt. Denis Mukwege alikuwa akiwatibu wanawake waliobakwa vitani.