Uhakiki: Kitabu cha mazoezi kinachomtenganisha msimulizi na mwandishi

Vitabu vingi vya mazoezi ya fasihi humfundisha mwanafunzi kutambua nafsi ya usimulizi kwa kutazama viambishi tu: akiona "ni-" aandike nafsi ya kwanza, akiona "a-" aandike nafsi ya tatu, kisha ahamie swali linalofuata. Kitabu hiki, kilichokusudiwa wanafunzi wa sekondari na walimu wao, kinaanzia hapo lakini hakiishii hapo, na ndiyo maana ninakipendekeza, ingawa majibu yake ya mwisho yana kasoro ambayo mwalimu hana budi kuifahamu mapema.

Sura iliyo bora kuliko zote ni ya pili, ambamo kisa cha kijana anayeshukiwa kuchukua fedha za mama yake kinasimuliwa mara tatu. Kijana mwenyewe anasema, "Nilizikuta mezani, nikazihifadhi." Dada yake, aliyesimama mlangoni, anauona mkono ukiingia mfukoni upesi, wala hajui lililomo moyoni mwa mdogo wake. Msimulizi maizi, yaani yule ajuaye yote hata yaliyomo mioyoni mwa wahusika, ndiye anayetufunulia hasira ya mama, hofu ya kijana na deni la baba ambalo kijana peke yake analijua. Maswali yanayofuata yanadai kufikiri: msimulizi huyu amelijuaje jambo hili, analinyamazia lipi, na huruma ya msomaji inahamia kwa nani msimulizi anapobadilika? Aliyeyajibu kwa makini hawezi kuipita "nikazihifadhi" bila kujiuliza kwa nini haikuwa "nikazichukua".

Nafsi ya pili, yaani usimulizi unaomwita mhusika "wewe", imepewa ukurasa mmoja, nao unatosha.

Sura ya mtazamo wa mwandishi inasisitiza, kwa haki kabisa, kwamba maneno ya msimulizi si lazima yawe msimamo wa mwandishi. Mfano wake ni tajiri anayejisifia ukarimu ilhali kila mgeni anaondoka kwake na njaa. Mwandishi haingizi neno lake, lakini matukio yanamkana msimulizi. Hivyo mwanafunzi anaelekezwa kuchunguza nani amepewa sauti, nani anaadhibiwa na taswira zipi zinarudiwarudiwa.

Inasikitisha basi kwamba majibu nyuma ya kitabu yanakubali msimamo mmoja tu. Kuhusu kisa cha fedha, yanasema mwandishi analaani wizi, na hapo yanakoma. Mwanafunzi anayesema kwamba mwandishi anakosoa usiri wa madeni ndani ya familia ana ushahidi wa kutosha katika usimulizi wa tatu, naye angekosa alama bure. Mwalimu atakayekitumia aanze na sura ya pili, awaache wanafunzi wakisimulie kisa upya kwa sauti ya mama, ambaye kitabu hakikumpa zamu, na adai kila jibu kuhusu msimamo wa mwandishi liambatane na sentensi za hadithi zinazolithibitisha.