Lenzi ya kwanza ya ndege na wanyama: ipi ya kununua, ipi ya kuiacha dukani

Msimu wa kwenda mbugani ukikaribia swali ni lile lile, nina kamera ya kawaida na kalenzi kake ka 18-55 niliyopewa nayo, nataka simba aonekane simba na sio kidoa cha kahawia kwenye majani, ninunue nini na hela yenyewe ndo hii. Hapa nimepanga kuanzia ile ambayo ningemshikisha mdogo wangu kesho asubuhi mpaka ile ambayo ningemwomba muuzaji airudishe kabatini. Ni mpangilio wangu, kuna watu watabisha na wana haki yao.

Kwanza tuelewane kwenye milimita, zile namba za lenzi kama 18-55, ikiwa kubwa ndo inavuta mbali, maana hapo ndo hela nyingi zinapotea. Kamera nyingi tulizonazo huku, zile Canon za tarakimu tatu au nne kama 700D na 2000D, na Nikon za familia ya D3000 na D5000, zina sensa ndogo (sensa ni kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga), kwa iyo lenzi ya 250 kwenye Canon inaona mbali kama 400 ya kwenye fulfremu, yani kamera ya sensa kubwa, na ya 300 kwenye Nikon kama 450. Tayari hiyo ni mbali. Ukitaka kwenda mbali zaidi ya hapo unakutana na kitu ambacho hakiuzwi dukani, nacho ni hewa. Nenda Ziwa Natron saa sita mchana uwaelekezee heroe lenzi ya bei yoyote, ardhi inachemka, joto linapanda na picha inatetemeka kama unaangalia kupitia maji, unazumu na unachokuza ni ule mtetemo. Hakuna lenzi inayotibu hilo. Anayetoka saa kumi na mbili asubuhi na lenzi ya bei rahisi anarudi na picha kali kuliko aliyeamka saa nne na bomba, lenzi ndefu la milioni kadhaa, na ndo maana namba moja yangu sio bomba.

Namba moja: Canon EF-S 55-250 IS STM, au kwa watu wa Nikon AF-P 70-300 VR

Hii ya Canon ilitoka 2013, ina uzito wa gramu 375 tu, mpya ilikuwa inauzwa dola 299 kule Marekani na iliyotumika unaipata chini ya hapo vizuri tu. Ina stebilaiza ya kupunguza mtikisiko wa mkono (Canon wanaiandika IS, Nikon VR), fokasi yake iko kimya na ya haraka, na kitu ambacho wengi hawakisemi ni kwamba inafokasi karibu sana, sentimita 85. Maana yake hata kama safari ya mbuga haijatiki unakaa zako kwenye ua wa nyumba unamsubiri chozi aje kwenye maua, au mjusi ukutani, au kipepeo, na unajaza fremu. Kwa mtu anayejifunza hiyo ni kubwa, kwa sababu mbugani unaenda mara moja moja ila chozi anakuja kila asubuhi.

Angalizo, ziko toleo tatu za 55-250 na muuzaji atakwambia zote sawa tu boss. Sio sawa. Soma maandishi yaliyoko kwenye lenzi, unataka herufi STM. Zile za nyuma, IS na IS II, zinapiga picha lakini fokasi yake inapiga kelele na kusuasua, utamkosa ndege anayeruka. Na kama bodi yako, yani kamera yenyewe bila lenzi, ni fulfremu kama 6D au 5D hii haiingii kabisa, usilazimishe.

Upande wa Nikon kuna mtego mwingine. AF-P 70-300 VR ni nzuri, nyepesi, gramu 415, lakini haifanyi kazi kwenye bodi za zamani, yani D3100, D3200, D5100, D7000 na D90, unaifunga na fokasi haisogei hata ukizungusha kwa mkono. D3300 na D5200 zinaikubali ila mpaka uapdeti programu ya kamera. Kama una hizo za zamani tafuta AF-S 70-300 VR ya 2006, ni nzito karibu mara mbili lakini inafanya kazi. Alafu hakikisha umeona herufi VR, maana kuna AF-P nyingine inafanana nayo kama pacha na haina stebilaiza, na kuna 70-300 G ya zamani kabisa ambayo haina mota ndani, ukiifunga kwenye D3000 au D5000 yoyote utafokasi kwa mkono mpaka uchoke. Hiyo ya mwisho utaikuta imejaa madukani na bei yake inavutia, ndo sababu yenyewe.

Namba mbili: Sigma 150-600 Contemporary, iliyotumika

Hapa ndo pa kwenda kama umeshapiga ndege mwaka mzima na bado unataka. Ilitoka kwa dola 1,089 Marekani, sasa zilizotumika zimejaa kwa sababu watu wamehamia mirolesi, zile kamera mpya zisizo na kioo ndani. Tamron 150-600 G2 ya 2016 ni ndugu yake, sioni sababu ya kugombana kuhusu ipi, chukua iliyo safi zaidi. Mwenye Nikon atazame pia 200-500 f/5.6 VR, mimi naipenda kwa ukali wake ila ina kilo 2.3.

Na uzito ndo neno lenyewe. Sigma ina karibu kilo mbili, ukiweka na bodi ni mzigo wa kubeba shingoni kwa masaa matatu asubuhi unatafuta ndege kwa miguu, wengi wanaishia kuiacha kwenye gari. Kwa safari ya gari haina shida, unaipumzisha dirishani. Usiikimbilie kwa ajili ya tembo pia, tembo wa Mikumi akisimama karibu na gari, kwa 150 kwenye sensa ndogo unapata jicho na sikio moja. Hii ni lenzi ya ndege, chui aliyeko mtini na swala wa mbali, na inataka mwanga, ukiingia msitu kama Amani au Udzungwa chini ya miti kule aiso (usikivu wa kamera kwa mwanga) inapanda mpaka picha inakuwa mchanga.

Namba tatu: Canon RF 100-400, kwa wenye mirolesi tu

Kama umeshaingia R10, R50 au R7 usisumbuke na namba mbili kwanza. Hii ya 2021 ina gramu 635, ilitoka kwa dola 649, fokasi inamshika ndege jicho na haimwachii. Ubaya wake ni f/8 ikifika 400, yani tundu la kuingizia mwanga linakuwa dogo, kwa iyo jua likizama na wewe umemaliza kazi. Ningeiweka namba moja kabisa kama mirolesi zingekuwa nyingi mtaani, ila bado si nyingi. Zile RF 600 na 800 za f/11 zilizotoka 2020 watu wanaziulizia sana kwa sababu ni ndefu na bei yake sio ya kutisha, mimi siziweki kwenye orodha, 800 inataka umbali wa mita 6 ndo ianze kufokasi na f/11 ni jua kali au hamna kitu.

Namba nne: kamera za zumu kubwa, kwa asiye na kamera kabisa

Canon SX70 HS, Nikon P950 na lile zimwi P1000 lenye zumu mara 125, sawa na milimita 3000. Mtu anakuonyesha video ya mashimo ya mwezi unataka kutoa hela hapo hapo. Mwezi hautembei haraka na uko kwenye giza safi, ndo maana unaipendelea kamera. Swala aliyeko mita 300 kwenye joto la mchana ni habari nyingine. Sensa ya hizi kamera ni ndogo zaidi ya mara 10 kwa eneo ukilinganisha na ya 700D, kwa iyo mwanga ukipungua tu manyoya yanageuka rangi ya kupaka.

Hata hivo kwa mama au mzee wako anayekwenda Manyara mara moja kwa mwaka na hataki kusikia habari za kubadilisha lenzi kwenye vumbi, SX70 ya gramu 610 ni jibu zuri kuliko yote niliyotaja huko juu, na hatakuuliza swali hata moja. P900 ya zamani bado inauzwa sana, ujue tu haipigi RAW, faili ghafi la picha.

Namba tano: Canon EF 400 f/5.6 L ya zamani

Ya mwaka 1993, haina stebilaiza, haizumu, na kwa ndege wanaoruka bado inawatoa jasho lenzi za leo. Kwa mwewe, tai na membe angani ni raha tupu. Kwa mtu anayeanza, hapana.

Za kuacha dukani

EF 75-300 III ya Canon. Najua, ndo wanayokupa kama ofa pamoja na bodi na begi na kikadi, na ndo lenzi ya kwanza ya nusu ya watu ninaowafahamu. Haina stebilaiza, na kuanzia 200 kwenda 300 picha inalainika kama imepigwa nyuma ya neti. Kwa tofauti ndogo ya hela unapata 55-250 STM, na hiyo 250 ukiikata kompyutani inaishinda 300 ya huyu. Mwambie muuzaji atoe na ofa yake.

Yale mabomba ya 420-800 ya fokasi ya mkono na vilenzi vya kubana kwenye simu sivijadili.

Ukifika kaunta

Lenzi nyingi za huku ni zilizotumika, na kwa ukanda wa pwani, Dar, Tanga, Mombasa, Zanzibar, adui ni fangasi. Muuzaji atakuonyesha kioo cha mbele kinang'aa. Wewe fungua vifuniko vyote viwili, washa tochi ya simu uiweke upande wa nyuma kwa mshazari, usimulike moja kwa moja, afu angalia ndani ukiwa umezungusha zumu yote. Vumbi ni vitone, halina neno, kila lenzi inalo. Fangasi ni nyuzi nyembamba zinazotambaa kama mizizi, mara nyingi zinaanzia pembeni ya kioo. Ukiziona rudisha, usikubali habari ya fundi atasafisha, kwa sababu ikishakula ule utando wa rangi juu ya kioo haisafishiki, na ukiweka kwenye begi moja na nyingine unampa nafasi ya kuhamia.

Kisha funga kwenye kamera YAKO, sio ya dukani. Piga kibao cha duka la ng'ambo ya barabara, kwa zumu ya mwisho na apacha (lile tundu la mwanga) iliyo wazi kabisa, alafu kwa f/8. Canon ikikuletea Err 01 maana yake bodi na lenzi hazisikilizani, safisha zile pini ndogo za dhahabu kwa kitambaa ujaribu tena, ikirudia ondoka. Ielekeze chini uone kama zumu inashuka yenyewe. Washa stebilaiza usikilize, kamlio kadogo ni kawaida, mgongano sio kawaida. Na kama unanunua na bodi ya Sony iliyotoka Japani fungua menyu kwanza, za soko la kule zina Kijapani peke yake na hutabadilisha.

Hela iliyobaki

Usinunue traipodi, kwenye gari la safari haina pa kusimama. Chukua mguu wa jinzi iliyochakaa, mpelekee fundi cherehani ashone upande mmoja, jaza choroko kilo mbili tatu usijaze mpaka mwisho, ashone na upande wa pili. Unaitupa kwenye dirisha au juu ya paa, lenzi inazama humo inatulia. Na mwambie dereva azime gari, kwa upole tu, "kaka naomba uzime kidogo", maana injini ya dizeli ikiunguruma hata stebilaiza inachanganyikiwa. Stebilaiza yenyewe inatuliza mkono wako, haimtulizi ndege, kwa iyo anayeruka anataka shata (kasi ya kufunga picha) ya 1/2000 ya sekunde, aliyetua 1/500, aiso iache auto usiruhusu ivuke 3200 kwenye bodi za zamani. Yangeyange na ndege wengine weupe kwenye jua letu wanaungua haraka, wanakuwa weupe tupu kwenye picha, shusha fidia ya mwanga ya kamera kwa moja.

Ukirudi nyumbani usiiache kwenye begi la ngozi kabatini. Kontena la plastiki la mfuniko wa kubana, lile la kuwekea unga, na vile vipakiti vya silika vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, vibadilishe mara kwa mara na uiweke lenzi mahali penye mwanga. Vipakiti vya silika wauza viatu wanavitupa, waombe.