Prado, Lexus au gari za Ulaya: kabla hujatoa pesa, mwagia maji dirisha la juu

Masika ya mwaka juzi nilikanyaga breki pale Amani, Unguja, nikasikia maji yakikimbia mbele chini ya miguu yangu, kisha yakarudi nyuma. Gari nilikuwa nayo miezi mitatu tu. Ya Ulaya, nyeusi, viti vya ngozi, na juu ina dirisha la kioo linalofunguka, sanrufu. Hilo dirisha ndilo lililonitia tamaa. Jina la gari silitaji, wala la aliyeniuzia. Wiki ile taa za dashibodi ziliwaka zote, vioo vikawa vinashuka vyenyewe usiku, na fundi alipofunua zulia alikuta sponji ya chini imelowa chapachapa na plagi za umeme zimeota kutu ya kijani.

Tukinunua gari kubwa iliyotumika tunauliza kilomita, tunauliza injini, tunatazama tairi. Hayo mnayajua. Sanrufu haulizi mtu.

Sanrufu haikutengenezwa kuzuia maji yote. Mengine yanapita ukingoni, yanaingia kwenye mfereji, na katika pembe kuna mipira myembamba inayoyateremsha ndani ya nguzo za bodi mpaka nje, chini ya gari. Mpira ukiziba, au ukichomoka kwenye kiungo chake, maji yanashukia ndani. Na kwetu unaziba upesi. Tunaegesha chini ya mwarobaini kutafuta kivuli. Vijani vyake vidogo vinaingia kwenye mfereji, vumbi la njia za shamba linavishika, vinakuwa udongo. Ongeza hewa yetu ya chumvi juu ya nyaya zilizolowa. Gari hizi za kifahari zina visanduku vya kompyuta chini ya viti, chini ya zulia, ndani ya buti, na kimoja kikiingia maji gari nzima inachanganyikiwa.

Basi nenda na chupa ya maji ya nusu lita. Fungua sanrufu, mimina taratibu kwenye pembe ya mbele, kulia kisha kushoto, mwenzako atazame chini karibu na tairi la mbele. Maji yatoke hapo mara moja. Yakikawia au yasionekane, usiendelee na bei. Kisha ingiza mkono chini ya zulia, ubonyeze kwa nguvu: juu panaweza kuwa pakavu, lakini sponji ya chini hukaa na maji wiki nyingi. Tazama bolti za viti kama zina kutu, na kitambaa cha dari karibu na nguzo kama kina madoa. Na gari ikinukia udi kupita kiasi, jiulize unaficha nini. Yangu ilifukizwa siku niliyoichukua, nami nikaona wamenienzi.

Mipira ikiwa imeziba tu, fundi aizibue kwa mshipi mnene wa nailoni, ule wa kuvulia, ausukume polepole. Asipige upepo wa kompresa, kwani unaweza kuuchomoa mpira kule ndani, na hapo dari lote litashushwa.

Sasa mpangilio wangu. Ya kwanza ni Prado, na naipendelea waziwazi. Chukua ile ya 2002 hadi 2009, au iliyoifuata ikiwa mfuko unaruhusu, ya petroli ya 2.7, isiyo na sanrufu. Injini yake ina cheni badala ya belti ya taimingi, ile ya kubadilishwa kila baada ya muda. Ukipakia watu saba kwenda Nungwi utaona inavuta kwa uzito, lakini mafundi wanaijua, Unguja na Pemba. Dizeli ya 3.0 ina nguvu zaidi, ila nozeli zake, zinazopuliza mafuta ndani ya injini, zikichoka ni gharama kubwa, na ina belti: uliza imebadilishwa lini, utake kuona risiti. Chungulia chasisi upande wa nyuma. Rangi nyeusi mbichi iliyopigwa juu ya kutu ni ugonjwa uliofunikwa.

Ya pili ni Lexus LX 570, V8 ya lita 5.7, ndugu wa Land Cruiser 200. Inakunywa mafuta, na mfumo wake wa kunyanyuka na kushuka unatumia mafuta na gesi, kwa hiyo ijaribu kwa swichi juu na chini kabla hujalipa. Sanrufu ipimwe palepale.

Ya tatu, Range Rover Sport na Discovery 4. Nyingi zinakaa juu ya mifuko ya upepo. Omba kuiona asubuhi kabla haijawashwa. Pembe moja ikiwa imelala, mfuko unavuja na kompresa imeshachoka kuujaza. Discovery 3 ya dizeli ya 2.7 ina belti mbili, ya pili iko nyuma ikiendesha pampu ya mafuta, na kwa kazi kubwa za injini mara nyingi bodi hunyanyuliwa kutoka kwenye chasisi. Mpate kwanza fundi aliyewahi kuifanya kazi hiyo, ndipo uitafute gari.

Za mwisho ni BMW X5, Mercedes ML na Touareg. ML ya 2005 hadi 2011 na Touareg ya kwanza zimewekewa betri chini ya kiti cha mbele, na X5 ya 2006 hadi 2013 ndani ya buti, pahala ambapo maji ya sanrufu iliyoziba hukimbilia.

Mwenye pesa kidogo achukue RAV4 au Escudo.

Kinachoniuma ni kwamba sanrufu hiyo hiyo wauzaji wanaiongezea bei. Unalipia zaidi kwa tundu, kisha ukirudi na zulia linalotiririka unaambiwa, "Dada'ngu, gari ulishaikubali." Kipande cha umeme kinaagizwa Dubai, unangoja wiki kadhaa, na gari imelala gereji.

Mwezi uliopita nilimsindikiza shoga yangu yadi kutazama gari. Nilipotoa chupa ya maji, muuzaji akasema imeshapigwa polishi, isimwagiwe. Nikainama upande wa abiria, nikabonyeza zulia. Vidole vilitoka na maji. Tukapanda daladala tukarudi.