Mafunzo ya gari la gia za mkono, Chake Chake

Mwalimu aliyenifundisha kuendesha gari la gia za mkono hapa Chake Chake, Pemba, ni mpiga fidla wa taarab, na mafunzo yake yanatufaa hasa sisi wapiga muziki, ambao magari ya otomatiki yaliyojaa mitaani yametunyima sababu ya kujifunza klachi. Kwa kuwa usukani wetu uko kulia, gia hubadilishwa kwa mkono wa kushoto, na huo ndio mkono ambao mpiga fidla au udi ameuzoesha kubana nyuzi kwa kipimo bila ya kuutazama. Mwalimu analijua hilo, ndiyo maana hukataza kabisa kuangalia chini. Anakutaka usikilize mngurumo wa injini, uachie klachi taratibu hadi gari litetemeke kidogo na sauti ishuke, hapo ndipo uongeze mafuta na kuteremsha hendibreki. Katika vilima vya njia ya kwenda mji wa Mkoani somo hili lina thamani kubwa, kwani anayekosea huko hurudi nyuma.

Rivasi aliipitia haraka mno. Gari lenyewe ni kuukuu, gia ya pili ni ngumu, na masomo ya asubuhi huchelewa kila alipokesha harusini, jambo ambalo (nasema kwa heshima) angeweza kutuarifu mapema. Ada ni ya wastani na hulipwa kwa awamu. Asiyepiga chombo chochote huenda akachoshwa na mifano yake ya mahadhi. Mimi ningelipa tena.