Yuko darasa la sita na bado anasoma kwa kuokoteza: umnunulie kitabu gani?

Mwaka jana nilimnunulia mpwa wangu kitabu chenye kifaranga jaladani. Ana miaka 12, na maneno ya ndani yalikuwa saizi yake kabisa. Kesho yake nikamkuta amekifunika kwa gazeti kama daftari la shule, wenzake wasione. Baada ya siku mbili kilikuwa nyuma ya kabati. Tangu hapo nataka nje kilingane na umri wake, ndani kilingane na uwezo wake. Na kipi ni bora kuliko kingine, napima kwa jambo moja tu: kipi atakimaliza.

Namba moja, kwangu bila ubishi, ni hekaya fupi za ujanja, hasa za Abunuwasi. Chukua kile kisa cha sufuria. Anaazima sufuria, anairudisha na kijisufuria ndani: imezaa, anasema, na mwenye sufuria anapokea huku anacheka. Anaiazima tena, safari hii hairudi: imekufa. Mtoto akifika pale mwenye sufuria anapokuja juu, hafungi kitabu hata umwite kula. Visa vingine alishavisikia kwa bibi yake, kwa hiyo neno gumu analibahatisha na kulipata. Halafu kisa kimoja ni kurasa chache; jioni ileile anasema “nimemaliza”, neno ambalo huenda hajawahi kulisema kuhusu kitabu. Ila fungua kabla ya kulipa, maana kuna matoleo yenye herufi ndogo zilizobanana na Kiswahili cha kizamani.

Katuni nazipa nafasi ya pili. Wazazi wengi wanaziona upuuzi. Mimi naona picha inambeba pale neno linapomwangusha. Kasoro yake ni zile zilizoandikwa kwa mkono, herufi kubwa tupu zimesongamana kwenye vipovu. Hizo hata mimi zinanichosha.

Zinafuata habari za kweli: nyoka, magari, mpira. Kama ni mtu wa Simba na Yanga, anza na gazeti la michezo la jana, ambalo kinyozi atakupa bure. Majina ya wachezaji anayajua yote, kwa hiyo robo ya habari ameshaisoma kabla hajaanza.

Huna hela mwezi huu? Tovuti ya African Storybook ina hadithi za Kiswahili za bure, zimepangwa kwa ngazi, unazisoma kwenye simu au unazichapa. Nimeiweka ya nne kwa sababu nyingi zina sura ya watoto wadogo, na simu nayo ina vishawishi vyake. Chagua ngazi za juu.

Za mwisho kabisa ni riwaya nene au za lugha ngumu, zile za “atakua nazo”. Shaaban Robert ni hazina, lakini Kusadikika iache kwanza rafuni. Pamoja nazo naweka hadithi za Kiingereza kwa mtoto ambaye nyumbani anaongea Kiswahili. Najua ada ya “English medium” inauma, lakini ajifunze kwanza utamu wa kusoma kwa lugha anayogombana nayo na dada yake.

Dukani nenda naye. Fungua katikati ya kitabu, asome ukurasa mmoja, kila neno linalomshinda akunje kidole. Vidole 5 vikiisha kabla ya ukurasa, rudisha. Kimoja au viwili, lipa. Vitatu au vinne, nunua ikiwa mtakisoma pamoja, wewe aya moja, yeye moja. Na ukiona anasogeza kitabu hadi puani, hiyo pesa ipeleke kwanza akapimwe macho.

Kwa wauza vitabu vya mitumba wa kando ya barabara, mwache achakure mwenyewe, wewe simama pembeni. Mpwa wangu alichomoa cha Abunuwasi kisicho na jalada. Nililipa bila kuomba kupunguziwa.